Niliyoyaamua Njia Panda ya Makuyuni

Mwezi uliopita niliacha kazi. Mzee Shabani, dereva wetu, anawaambia watu kwamba nimestaafu, nao wanacheka kwa sababu nina miaka ishirini na saba. Lakini nimefanya kazi moja kwa miaka tisa, nimekabidhi tochi na koti la mvua, na nimerudi Bashay kulima na mama yangu. Kama huko si kustaafu, sijui kunaitwaje.

Ninawaandikia ninyi wawili mliochukua nafasi yangu. Mlinikuta ofisini nikiwa kimya na nadhani mlisema ninaringa. Siringi. Kusema mbele ya watu kumenishinda tangu darasa la kwanza. Kuandika nako ni polepole, lakini karatasi hainitazami usoni. Mshahara sitauzungumzia kwa kuwa mnaujua, na cheo nilikuwa nacho kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na minane. Ofisi yetu pale Arusha ilikuwa chumba kimoja chenye meza na picha ya Mlima Hanang iliyopauka kwa jua. Ilipeleka watu wa mjini kutazama mambo ya kale, kwenda na kurudi siku moja. Walimu, wanakwaya, akina mama wa vikundi, familia zenye watoto. Walihitaji mtu anayejua Kiiraqw, lugha yetu sisi Wambulu, na mjomba wangu akawaambia yupo kijana mpole. Upole ndio ulionipa kazi, na nitawaeleza ulivyoniharibia.

Siku yangu ya kwanza tulifika Bashay, wageni ishirini na wawili wakashuka, wakanizunguka na kungoja. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mzee Shabani akaegemea gari na kuanza kuwaeleza yeye.

"Hawa Wambulu," akasema, "zamani walichimba nyumba ndani ya kilima kama fuko. Adui wa ng'ombe akija, haoni nyumba, haoni ng'ombe, haoni Mmbulu. Na mpaka leo wana tabia hiyo hiyo. Mtazameni huyu wa kwangu, amejificha na tumesimama naye hapa hapa."

Wageni wakacheka, na mimi nikacheka, na kwa kucheka sauti ikarudi. Mzee Shabani ni Mrangi wa Kondoa. Alinitania kila Jumamosi kwa miaka tisa na sijawahi kukasirika. Kila ninachojua cha kazi hii nilikipata kwake, isipokuwa Kiiraqw, ambacho alikijua kwa matusi tu.

Mahali pa kupeleka watu tulikuwa napo pawili. Pa kwanza ni Bashay, kwenye tembe la chini ya ardhi la Mzee Tluway. Paa lake limefunikwa udongo na majani, likalingana na mteremko wa kilima. Mgeni akiuliza nyumba iko wapi, tazama miguu yake kwanza, huenda ameshasimama juu yake. Pa pili ni Hirbadaw, mbele ya Katesh, kwenye makaburi ya kale ya wazee wa Kidatoga, yale ya vichuguu virefu vya udongo na miti ambavyo ukoo mzima hushiriki kuvijenga kwa miezi. Siku moja haitoshi kuona kote kuwili. Barabara zinaachana Makuyuni, moja inapanda kwenda Karatu na Mbulu, nyingine inanyooka kwenda Babati na Katesh. Ukishaipita njia panda, umeamua.

Kwa hiyo kazi yenu kubwa haiko kwenye tembe wala makaburini. Iko Makuyuni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wageni wanakunywa chai na kutafuta choo. Hapo ndipo unapopiga simu mbili. Unampigia Mzee Tluway umuulize njia, kwa sababu ile ya juu ni ya udongo na mvua ya usiku mmoja inatosha kuifunga. Unampigia mwenyeji wa Hirbadaw umuulize kama ukoo una shughuli makaburini, maana siku ya shughuli hamwendi kupiga picha. Halafu unawatazama watu wako. Wenye magoti mabovu wapeleke Hirbadaw, ni tambarare. Wenye watoto wapeleke Bashay, mtoto akiingia gizani na tochi hatasahau maisha yake yote. Walimu wa historia wapeleke popote, watabishana tu.

Mwanzoni nilikuwa nawauliza wageni wenyewe wachague. Mzee Shabani alinikataza baada ya kikundi kimoja kupiga kura mara tatu na chai kupoa.

"Usiwaulize wanataka wapi," alisema. "Mtu wa mjini anataka kote. Waulize wanaogopa nini. Anayeogopa matope, anayeogopa giza, anayeogopa kuchelewa kurudi. Hapo utajua."

Ni ushauri mzuri. Sikuwahi kujiuliza swali hilo mimi mwenyewe.

Bibi Martina alikuja peke yake. Ilikuwa mwaka wangu wa saba kazini, mwezi wa pili, kiangazi kidogo kati ya mvua. Wanawake wa umri wake huja na binti au na wenzao wa kanisani. Yeye alifika kituoni saa kumi na moja alfajiri akiwa amevaa vizuri, viatu vya kufunga kamba, akaketi kiti cha nyuma ya dereva. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kwa Kiswahili:

"Leo tunakwenda Bashay?"

"Tutaamua Makuyuni, Bibi."

"Mimi nimelipia Bashay."

Ofisini watu walilipia safari, hawakulipia mahali. Sikumwambia. Nilisema tu, "Tutaona njia, Bibi."

Makuyuni hakushuka kunywa chai. Nilipompelekea kikombe dirishani alikishika kwa mikono miwili, akanisemesha kwa Kiiraqw. Cha zamani, cha watu wa juu, kama alichokisema nyanya yangu.

"Wewe ni wa kule."

"Ndiyo, Bibi."

"Yule Tluway mnayekwenda kwake ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja. Nilitoka pale nikiwa na miaka kumi na saba." Akanywa chai. "Nilitoka peke yangu."

Kwa mtu wa kwetu hayo yalitosha. Lakini ninyi huenda si wa kwetu, kwa hiyo nitaeleza. Zamani msichana akipata mimba akiwa nyumbani kwa wazazi, bila kuolewa, hakuruhusiwa kubaki. Iliaminika kukaa kwake kunaleta mkosi kwa watu na ng'ombe. Aliondoka, tena bila kusindikizwa. Kurudi kulitaka wazee wakubali, na mnyama achinjwe, na utakaso ufanyike, na wengine ukoo haukuwaita kamwe. Siku hizi makanisa yamejaa na mambo hayo yamepungua. Kupungua si kwisha.

Bibi Martina alikuwa ametafuta njia yake mwenyewe ya kurudi. Alikata tiketi. Mgeni wa Jumamosi haulizwi amekuja kufanya nini. Angeingia kwa mdogo wake pamoja na watu ishirini, angetazama, na kama angefukuzwa angefukuzwa kama mtalii.

"Utamwambia," akaniambia. "Ukifika, kabla sijashuka, mwambie ni mimi. Akisema nisishuke, nitakaa kwenye gari."

Nilienda nyuma ya kibanda cha chai kupiga simu. Mzee Tluway akapokea upesi, akasema njia imekauka vizuri, ng'ombe wametoka, tuje.

Hapo ndipo nilipaswa kuamua, na sikuwa nawaza magoti ya mtu wala watoto. Nilikuwa najiona nimesimama mbele ya Mzee Tluway, mtu ambaye sikuwahi hata kumtazama machoni, nikimtajia mimba ya dada yake. Kijana hasemi neno hilo kwa mzee. Kwetu hata mzee halisemi kwa mzee mwenzake bila kuanzia mbali. Na kama angekasirika? Na kama ng'ombe wake mmoja angekufa wiki ile, nani angeonekana ndiye aliyeleta mkosi? Niliwaza yote hayo kwa muda wa kukata simu na kuitia mfukoni.

Nikarudi kwenye gari, nikasimama mlangoni na kusema kwa sauti iliyotoka vizuri kuliko siku zote:

"Jamani, Bashay kuna matope. Tunakwenda Hirbadaw."

Mzee Shabani akanitazama kwenye kioo. Vumbi la Makuyuni lilikuwa limejaa hadi kwenye dashibodi. Lakini dereva hambishii mwongozaji mbele ya wageni, hiyo ni kanuni yake, na akawasha gari.

Tulipopita njia panda Bibi Martina aligeuka kutazama barabara ya kulia, ya juu, mpaka ikapotea.

Hirbadaw siku ile wageni walifurahi sana. Mwenyeji wetu aliwaeleza jinsi mzee wa heshima anavyozikwa, jinsi koo zinavyokuja kutoka mbali na kila mmoja akileta mti wake na udongo wake. Bibi alikaa kwenye jiwe, pembeni kidogo. Nilimletea maji. Akanishukuru.

"Hawa huzikwa na watu wote," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Hakuna anayekatazwa kuja?"

Nilijibu kwamba sijui, nitamuuliza mwenyeji, na sikumuuliza.

Tuliporudi Arusha, ilikuwa giza na wageni walikuwa wakisukumana kushuka. Yeye alisubiri mpaka wa mwisho. Mlangoni akanishika mkono kwa upole.

"Matope yale, mwanangu, yatakauka lini?"

"Sijui, Bibi."

"Haya."

Alijua. Mtu aliyezaliwa pale anajua mwezi wa pili udongo wa kule ukoje.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Bashay. Mzee Tluway alinisalimia, akanivuta kando na kuniuliza kwa nini siku ile hatukuja ilhali yeye alisema njia ni kavu. Nikasema gari lilikuwa na hitilafu. Huo ukawa uongo wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo alilifanya kila mara na mimi nililiona la kawaida. Aliwasalimia wageni kwa mkono mmoja mmoja, na kwa wanawake wazee alikawia. Halafu akaniuliza, kwa lugha yetu, "Kuna mwenyeji kati yao?" Kwa miaka saba nilijibu "Hakuna, Mzee," bila hata kuwauliza. Nilidhani ni mzaha wake wa kukaribisha watu. Siku ile nilisikia swali kwa mara ya kwanza, na bado nikajibu, "Hakuna, Mzee."

Njiani kurudi, wageni wakiwa wamelala, Mzee Shabani akasema bila kugeuza kichwa:

"Yule mzee anamtafuta mtu."

Nikamweleza yote. Tulikuwa tumeshashuka mlima wa Mto wa Mbu aliponiuliza:

"Mbona hukuniambia Makuyuni?"

"Ni mambo ya kwetu."

"Ndiyo maana ungeniambia mimi! Mimi Mrangi, nina utani nao. Ningeshuka pale nikamwambia, 'Tluway, njoo uchukue dada yako, amekula chai yetu bure.' Nikikosea wangenicheka, basi. Wangenitoza mbuzi, basi. Wewe unaogopa kusema, mimi mdomo wangu una kazi gani?"

Nikakiri kwamba ni kweli.

"Safari ijayo unamwambia," akasema. "Au namwambia mimi."

Nikakubali. Safari ijayo. Ninyi wawili, neno hilo ndilo nililotaka kuwaandikia, mengine ni ya kujaza karatasi. Katika kazi yetu kila mtu husema safari ijayo. Mgeni ambaye hakufika Hirbadaw atafika safari ijayo. Picha iliyoharibika itapigwa safari ijayo. Ni maneno ya kumfariji mtu wa mjini ambaye anaweza kurudi Jumamosi yoyote. Nikayatumia kwa wazee wawili.

Mwezi wa tatu Mungu akaleta matope ya kweli. Njia ya juu ilikatika sehemu mbili. Tulikwenda Hirbadaw Jumamosi saba mfululizo. Ningeweza kupiga simu. Namba ya Bibi Martina ilikuwa kwenye daftari la ofisi, na ya Mzee Tluway niliijua kwa kichwa. Lakini nilijiambia jambo kama hili halisemwi kwenye simu, linataka watu kukaa chini. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba lilinifaa.

Mzee Tluway alifariki kabla njia haijafunguka. Mwanawe mkubwa, John, ndiye aliyepokea simu nilipompigia kuuliza matope. Nilimpa pole. Halafu nikakaa na simu mkononi, na ile aibu yote niliyoibeba miaka yote ikawa haina mtu wa kuionea tena, nikamwambia. Nikamwambia kuhusu Bibi, na Makuyuni, na njia kavu. John akasema tu, "Mlete."

Bibi Martina nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake. Nilisema kwa Kiiraqw, nikiwa nimesimama, na nilimwambia pia kwamba matope hayakuwepo.

"Nilijua," akasema. "Nilidhani ni yeye aliyekwambia nisije."

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kwa miezi mitatu aliamini mdogo wake naye amemkataa, na mdogo wake wakati huo alikuwa akikagua nyuso za wanawake wa Arusha.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, njia ikiwa imefunguka, kiti kile kile, pamoja na wanakwaya ambao hawakujua chochote. Makuyuni sikupiga simu wala sikuuliza mtu. Tulipofika John alikuwa amesimama juu, kwenye ukingo wa paa, na mke wake na watoto. Mimi nilishuka kwanza na kusema mbele ya watu wote, kwa sauti, kwamba tumekuja na shangazi wa nyumba hii. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka.

John akateremka, akainama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nisimame hapa, au?"

Alikuwa akitazama chini, mahali njia inapoingia uani. Nilielewa alichokuwa akiuliza. Na John naye akaelewa.

"Baba aliacha neno," akasema. "Alisema ukija usichinjiwe kitu, usipitishwe kwenye kitu chochote. Uingie tu. Alituambia miaka mingi, kabla hata hajaanza kupokea wageni. Wageni wenyewe aliwakubali kwa sababu hiyo. Alisema barabara ikijulikana Arusha, labda."

Bibi akaingia.

Siku ile sikueleza kitu ndani ya tembe. Nilishika tochi tu. Bibi ndiye aliyewaonyesha wanakwaya: hapa ndama walilala, hapa mahindi, hapa moshi ulitokea, hapa mama alificha samli tusiione. Wanakwaya walidhani ni mwongozaji wetu mpya na mmoja wao akaninong'oneza kwamba anaijua kazi kuliko mimi. Kwenye kona ya ndani kabisa alisimama na kuweka kiganja ukutani, chini, usawa wa mtu aliyelala.

Baadaye wakatuwekea chai uani. Bibi akamuuliza John:

"Alipokuwa anawaambia habari zangu, aliniita nani?"

"Dada. Alisema dada yangu. Akija dada yangu."

"Hakusema jina?"

"Jina la Martina tumelisikia kwako leo."

"Hilo nilibatizwa nalo Arusha." Akazungusha kikombe. "Alikuwa na jina lake la kuniita. Alinipa yeye, akiwa hajajua hata kusema vizuri. Hakuna mwingine aliyeliita."

Watoto wa John wakasogea, wakangoja alitaje. Mke wa John akasema, "Tuambie, shangazi, na sisi tukuite." Bibi Martina alimtazama kwa wema kabisa, akatikisa kichwa, akanywa chai yake mpaka ikaisha.

Saa tisa Mzee Shabani akapiga honi mara moja, taratibu. John akamwomba alale, akamwomba sana. Bibi akasema safari ni ya siku moja. Wanakwaya bado walikuwa wakipiga picha juu ya paa nilipomkuta ameshaketi kwenye kiti chake, amefunga mkanda, anatazama mbele.